Nani Aliyekichagua Kimashine cha Nyimbo

4 Februari

Mume wangu,

Salamu nyingi. Sisimizi ametolewa plasta Jumatatu. Mkono umenyooka ila umekonda kama mpini wa ufagio, na binti yako anautembeza mtaani kuwaonyesha watu kana kwamba ni bangili mpya. Bado hajakusamehe. Mtoto wa miaka saba anakuambia kwenye simu, "Baba, nimeanguka, nimevunjika mkono," nawe unamjibu, "Hongera sana, mama, endelea hivyo hivyo." Nilimwambia ulikuwa unatania. Akaniuliza, "Sasa mbona hakucheka?" Swali hilo nakuletea wewe.

Tangu siku ile hujapiga tena. Jumapili tano nimekaa kwenye benchi la duka la jirani nikiitazama simu yake kama paka anayetazama kabati la nyama. Mwenye duka ameanza kunionea huruma, na huruma ya mama yule hufika mwisho wa mtaa kabla sijafika nyumbani. Basi nimeamua kuandika. Mimi ni mtu wa sindano, kalamu inanichosha vidole, lakini barua haiwezi kusingizia kwamba laini imekatika.

Nina ombi. Karakana wameongeza cherehani, sasa tuko ishirini na sita chumba kimoja, na redio ni ya msimamizi. Yeye anasikiliza mpira, na mpira ukiisha anasikiliza watu wakibishana juu ya mpira. Mwezi huu ametuona wa maana, katuruhusu kuvaa hedifoni mradi kola zitoke sawa. Wenzangu wawili tayari wana vile vicheza muziki vya mfukoni, vidogo kama kiberiti, vinabeba nyimbo tele bila kaseti. Nami nataka. Huku vinauzwa, lakini muuzaji anavisifu vyote sawasawa, kama baba mwenye mabinti sita wa kuoza.

Nichagulie wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukilala chumbani, bendi inapiga ukumbini mtaa wa pili, unasema, "Huyo jamaa uzi wake wa tatu umelegea." Sitaki urembo. Nataka sauti safi, vitufe ninavyoweza kubonyeza bila kuacha kitambaa, na chaji inayomaliza siku nzima ya kazi. Na zile kaseti zako za enzi za bendi, nihamishie humo.

Ni mimi mkeo.


19 Februari

Mke wangu,

Barua imefika, nami nimefurahi kuliko unavyodhani. Kuhusu simu, ofisi imeifungia. Hawaruhusu tena sisi wa mashine kuigusa. Mwambie Sisimizi siku ile mitambo ilikuwa inaunguruma nyuma yangu, nikamsikia vibaya. Yamekwisha.

Kimashine kimepatikana. Muuzaji alinitolea vitatu. Cha kwanza kipana, kioo chake cha rangi, kizuri kwa kuonyesha wageni, lakini chaji yake saa sita tu, ingekufia katikati ya kazi. Cha pili kinatumia betri ndogo za kubadilisha; kifuniko chake kimelegea, siku ya kwanza tu ungekipoteza kwenye mabaki ya vitambaa. Nimechukua cha tatu. Ni cheusi, kina giga moja, vitufe vyake vimeinuka, kidole gumba kinajua njia chenyewe. Cha kusogeza mbele kina nundu, cha kurudisha hakina. Nyuma kina ndoano ya kubana kwenye aproni. Chaji saa kumi na nane. Kinashika redio, na kinaweza hata kurekodi mtu akiongea.

Sauti yake ni kubwa. Inapanda mpaka thelathini. Nyimbo zilizomo ni arobaini, pamoja na zile za kaseti.

Dereva wa lori la masufuria atakuletea. Ukishakipata andika, usihangaike na benchi la duka.

Wako,
Mumeo


3 Machi

Mume wangu,

Mzigo nimeupokea. Nakushukuru. Sasa ngoja nikuulize mambo mawili matatu, nawe usinijibu kwa haraka.

Kwanza, kile kikaratasi cha orodha ya nyimbo kilichokuwa ndani ya boksi. Kwenye neno "ndoto" herufi ya mwisho ina mkia uliojikunja kama ua. Ninaujua mwandiko wako miaka kumi na moja; herufi zako huanguka kama walevi. Huo ni mkono wa kike, tena mkono uliosoma.

Pili, nilipokiwasha nilikaribia kukitupa dirishani. Sauti ilikuwa imewekwa thelathini, juu kabisa. Sikio lilinivuma mpaka jioni. Nimeishusha hadi kumi na mbili, na hapo inakwaruza kama mtu anayepeta mchele. Mwanamume niliyeolewa naye alirudisha redio dukani mara mbili kwa sababu ya mkwaruzo ambao mimi sikuusikia kabisa.

Tatu ni Dereva. Sikumchokonoa, alianza mwenyewe. Alisema, "Shemeji, mumeo siku hizi ana maringo. Nimemwita mara tatu getini, hakugeuka." Nikamwambia pengine ana mawazo. Akasema, "Basi mawazo yake yana sketi. Ni yule Mama Stoo. Dukani wameenda pamoja, chakula wanakula pamoja. Mama yule akiongea, mumeo anamtazama mdomoni, hapepesi." Kisha akaona amezidisha, akaniomba maji ya kunywa. Nilipompa nikamuuliza habari ya simu ya ofisini. Akashangaa. Yeye mwenyewe aliitumia asubuhi ya safari kumpigia mkewe, na mbele yake walikuwa wamepanga foleni watu wanne wa mashine.

Simu haijafungwa, mume wangu. Sasa ni nini kilichofungwa?

Nataka jibu la jambo moja tu. Kabla hujakifunga kwenye boksi, wewe mwenyewe ulikisikiliza?

Mkeo


11 Machi

Mke wangu,

Nimekisikiliza. Wimbo wa kwanza mpaka wa arobaini, hedifoni zote mbili masikioni, nimekaa kitandani kwangu. Sauti ilikuwa safi. Kama inakwaruza huko, basi kuna mtu amekichezea. Ni nani aliyekugusia hivyo vitufe? Karani wenu wa karakana? Maana wewe hata saa ya ukutani hujui kuirekebisha, leo unajua kumi na mbili na thelathini.

Na huyo Dereva. Nilimtuma alete mzigo, sikumtuma aketi. Alikaa muda gani hata akapata kunywa maji, kusengenya, na kuniita mwenye maringo? Mtu wa lori ana muda wa kumhesabia mwenzake macho yanatazama wapi? Kuwa mwangalifu na wanaume wanaokuja na habari mikononi. Hakuna aletaye habari bure.

Mama Stoo ni mtu mzima, ana wajukuu. Kompyuta ya kiwanda iko stoo kwake, ndiyo maana aliniandikia orodha. Hakuna zaidi. Simu sitaki kuizungumzia. Kuna foleni, kuna kelele, na kila mtu anasikiliza mambo ya mwenzake. Naona barua inatosha. Kwani barua ina ubaya gani?

Nieleze vizuri huo mkwaruzo: uko wakati wote, au kwenye sauti nyembamba tu? Na gitaa langu, kwenye zile za kaseti, linasikikaje?

Mumeo


20 Machi

Baba Sisimizi,

Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimekaa mwisho wake nakusubiri.

Sikukuambia yote barua iliyopita. Nilikuachia nafasi. Hedifoni ya kushoto imekufa. Haijafa huku, karani alikagua waya, akasema imekatika tangu ilipotengenezwa, haijawahi kutoa sauti hata siku moja. Na hizo nyimbo arobaini si arobaini. Wimbo mmoja umo mara tatu. Mwingine unakatika katikati, mwimbaji ameachwa mdomo wazi. Wewe umezisikiliza zote, hedifoni mbili masikioni, na hukuona kitu?

Hukukisikiliza. Hukukichagua. Ulimwachia mwanamke mwingine achague kitu nilichokuomba wewe, kisha ukaniandikia habari za nundu na ndoano. Na nilipokubana, ukanigeuzia Dereva na karani. Mtu mwenye hatia ndiye hutangulia kupiga kelele za mwizi.

Kuna jambo jingine nimelikuta humo ndani. Wewe sikuulizi. Namuuliza mwenyewe, kwa barua yake, anakuja nayo Dereva.

Sisimizi anauliza kama utakuja likizo ya shule. Nimemwambia sijui baba yake anakaa kwa nani.

Mimi


20 Machi

Kwa Mama Stoo,

Hunijui, nami sikujui, lakini sauti yako ninayo.

Kile kimashine mlichoniletea kina sehemu ya kurekodi. Juzi nilikuwa nabonyeza nikitafuta redio, nikaangukia humo. Kuna rekodi moja, dakika mbili na nusu. Nimeisikiliza mara nyingi kiasi kwamba naweza kukuandikia bila kukosea neno.

Wewe unasema: "Funga macho." Kimya. Unasema: "Sasa je?" Mume wangu anasema: "Hapana. Sogea." Wewe: "Hapa?" Yeye: "Sogea zaidi." Unacheka, si kicheko kikubwa. Kisha unasema: "Na mkeo akijua?" Naye, kwa ile sauti anayotumia akiwa anabembeleza, anasema: "Usimwambie. Nakuomba, dada, usimwambie."

Mume wangu anasema una wajukuu. Basi una umri wa kuona haya. Mimi ni fundi wa kola, sina elimu ya mwandiko wa maua, lakini najua kupasua mshono na kuona kilichofichwa ndani. Sikuombi umwache. Anayeombwa kuachia ni aliyeshika kitu halali. Nataka uniambie kwa mkono wako huohuo mzuri: jambo hili lilianza lini?

Mke wake wa ndoa


30 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya boksi la vifuniko. Wa kwanza kumkasirikia ulikuwa wewe. Nina miaka hamsini na nane; hajawahi mtu kuniandikia hivyo, hata nilipokuwa kijana wa kustahili. Halafu nikaisoma mara ya pili, nikajiweka mahali pako. Ningekuwa mimi, nisingeandika. Ningepanda lori.

Nilimwahidi mumeo nisiseme. Ahadi hiyo naivunja leo, na dhambi yake niachie mimi.

Mumeo hasikii.

Sisemi hasikii ushauri. Hasikii kwa masikio. La kushoto limekwisha karibu lote, la kulia linabahatisha. Miaka tisa amesimama mbele ya mtambo unaokandamiza mabati kuwa masufuria, na kwa muda mrefu viziba masikio vilikuwa vya mgeni akija kukagua, mgeni akiondoka vinarudi stoo kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikivihesabu na kuvifungia. Hilo nalo nalibeba.

Nimelijua mwezi wa Oktoba. Gari la kubebea mizigo lilikuwa linarudi kinyumenyume, linapiga honi, watu wanapiga mayowe, na yeye amesimama nyuma yake anafunga kamba ya kiatu. Nilimvuta shati mpaka likachanika. Alinikasirikia, kisha akaona gari, akakaa chini. Hapo ndipo aliponiambia. Tangu siku hiyo naenda naye kila panapohitaji masikio. Ananitazama mdomoni kwa sababu ndipo anaposoma maneno. Dereva ana macho mazuri. Tatizo lake ni tafsiri.

Siku tuliyonunua hicho kimashine, muuzaji alimvalisha hedifoni. Mumeo akatikisa kichwa kwa mapigo, tena kwa mapigo ya uongo, maana wimbo ulikuwa haujaanza. Muuzaji akanitazama mimi. Mumeo akazivua haraka. Alishika vyote vitatu, akavipapasa, akachagua kwa vidole. Sauti nilichagua mimi, na mimi muziki siujui, mdogo wangu. Wimbo wowote kwangu ni kelele iliyopangwa. Nyimbo nilizihamisha mimi, ndiyo maana mmoja umo mara tatu. Sauti aliiweka yeye thelathini, kwa sababu hapo ndipo alipopata kusikia kitu kama mdundo kwa mbali.

Hiyo rekodi tulikuwa stoo, mchana, mlango wazi. Nilitaka kujua anasikia kwa umbali gani. Nilishika kimashine mkononi, nikamwambia afunge macho asinisome mdomo, nikawa namsemesha nikisogea; mvumo aliusikia, maneno hakuyapata. Nilipobonyeza kitufe cha kurekodi sijui. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimefika karibu kumgusa pua, na bado anasema sogea; alipofumbua macho ndipo nikamuuliza habari yako. Kilikuwa kicheko cha mtu asiyetaka kulia mbele ya mwanamume.

Anaogopa vitu viwili. Wakimpima watamtoa kwenye mtambo, na hajui watamweka wapi. Cha pili ni wewe. Alisema, "Huyu mwanamke aliniona mara ya kwanza nikiwa na gitaa. Nikimwambia sisikii, atakuwa ameolewa na nani?"

Umeuliza lilianza lini. Nimekujibu.

Mama Stoo


6 Aprili

Mume wangu,

Mama Stoo ameniambia. Usimkasirikie, nilimtukana kwanza.

Siku mbili nimeandika na kuchana. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa mwanamke. Nilikuwa na maneno yake yote, nimeyapanga kama vifungo kwenye kopo. Sasa sina wa kumrushia ila wewe, na bado nitakurushia.

Umeuficha ugonjwa kama watu wanavyoficha hawara. Umekuwa na siri, umekuwa na mtu wa kuijua siri, umesema uongo wa simu, na mimi nimekuwa wa mwisho kujua. Niambie tofauti iko wapi. Nimelala mwezi mzima nikimtafuta mwanamke kichwani, nikimvisha nguo, nikimpa sura. Ungeniandikia mstari mmoja tu, "Mke wangu, sisikii," ningelia siku moja, nikaamka.

Na hilo gari. Lingekukanyaga, mimi ningeambiwa nini? Kwamba mume wangu alikuwa na maringo, ameitwa hakugeuka?

Unasema nilikuona na gitaa. Kweli. Lakini miaka kumi na moja sijaishi na gitaa. Gitaa halikuniletea maji nilipojifungua. Usinipunguze hivyo.

Sasa sikia, yaani soma. Nenda hospitali ukapimwe, usiishie zahanati ya kiwanda. Mama Stoo aende nawe, nimemwomba kwa barua yake. Ukipata karatasi, ipeleke kwa msimamizi wa kiwanda mwenyewe, mkononi, na mtu akiwepo. Wakikutoa kwenye mtambo ule, watakuwa wamenisaidia.

Kimashine nimekipeleka kwa fundi. Amebadilisha hedifoni, na akaona kwamba mkwaruzo ulitokana na mpangilio fulani wa kuzidisha besi, kaurudisha kawaida. Sasa kinaimba vizuri. Vitufe ulivyochagua navijua bila kutazama, hapo hukukosea. Ila zile nyimbo zako za kaseti nimeshindwa kuzisikiliza. Nazipita kila zikifika.

Mkeo


27 Aprili

Mke wangu,

Nilipoona jina langu kwenye bahasha kwa mwandiko wako, niliiweka mfukoni siku nzima ya kazi. Sikuwa na ujasiri.

Nitakuambia yote, nisije nikaonekana tena nimeyapunguza. Kwanza zilipotea sauti ndogo. Birika likichemka nilikuwa naona mvuke tu. Kisha sauti za wanawake, kisha za watoto. Wanaume wa mashine niliendelea kuwasikia kwa sababu wanapiga kelele, nikajidanganya kwamba nyinyi wengine mnaongea chini chini. Nilianza kuwashuku watu. Wakicheka kwenye chakula nilijua wananicheka. Nilimshuku hata Dereva kwamba anakwenda na kurudi kwako, na nilipokuandikia maneno yale nilikuwa nayaamini. Mtu asiyesikia hujaza mwenyewe kilichosemwa, na hajazi mazuri.

Ile siku ya simu, Sisimizi alisema jambo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaona aibu kumwambia mara ya tatu, nikakisia. Zilikuwa siku za ripoti za shule, basi nikasema hongera. Nikasikia kimya, na kimya ndicho kitu pekee ninachokisikia vizuri. Baadaye Dereva akaniambia, "Pole na mkono wa mtoto." Nilikwenda nyuma ya stoo. Niliapa sitashika simu tena.

Nimepimwa. Alikuwa daktari mwanamke, alinitazama usoni akiongea, kila neno taratibu. Kilichokwenda hakirudi. Hilo alilisema bila kuzunguka. Kilichobaki kinaweza kulindwa nikiondoka kwenye kelele, na sikio la kulia litapata kifaa cha kusaidia. Nikitaka nisikie kama zamani, hapana. Nikitaka nisikie mtu mmoja, chumba kimoja, mlango umefungwa, inawezekana.

Karatasi niliipeleka kwa msimamizi, Mama Stoo amesimama mlangoni kama askari. Niliyedhani atanifukuza aliinama, akafungua droo, akatoa karatasi tatu kama ile, za wenzangu watatu. Hakuna kati yetu aliyejua habari ya mwenzake. Tulikuwa tunapishana kila siku, kila mmoja anamwona mwenziwe ana maringo. Sasa tumeandika barua moja, wanne, na viziba masikio vimetoka stoo. Mimi wamenihamishia kwenye upakiaji.

Jambo moja kuhusu kimashine, na hili daktari alinisisitiza. Usipandishe zaidi ya kumi na tano. Ukiona unahitaji kupandisha ili kuzishinda cherehani, vua, pumzisha masikio. Na ukitembea barabarani vaa upande mmoja tu. Zile nyimbo zangu, kama huwezi kuzisikiliza zifute. Nafasi ni yako, weka unazozipenda. Nilikudanganya na nilikutukana. Nisamehe ukiweza, na usipoweza sasa, nitangoja.

Mumeo


8 Mei

Mume wangu,

Sijazifuta. Sijazisikiliza pia. Hilo tutaliacha lilivyo kwanza.

Kusamehe nitakusamehe, ila si kwa barua. Kwenye barua umeshanidanganya sana, siiamini tena karatasi yako hata ikisema kweli. Nataka nikutazame unaposema. Omba ruhusa uje.

Sisimizi nimemwambia mwenyewe. Alifikiri, akauliza, "Kwa hiyo nikimsengenya hajui?" Nikamwambia atajua, anasoma midomo. Kuanzia hapo anajifunza kusengenya akiwa amefunika mdomo kwa mkono.

Mwenye duka ameniuliza mbona siji tena kwenye simu. Nimemwambia ukweli, kwa sauti kubwa, mbele ya wateja. Hana tena cha kunionea huruma kisirisiri.

Mkeo


17 Mei

Mke wangu,

Ruhusa imetoka, wiki mbili. Nafika Jumamosi saa tisa mchana, basi la kwanza la mchana, kituo kikubwa. Kifaa cha sikio bado hakijafika, kwa hiyo nitakuja kama nilivyo.

Pale kituoni pana kelele nyingi, na kwenye kelele hata kidogo nilichonacho kinakufa. Nitateremka, nitasimama karibu na mlango wa mbele wa basi, sitaondoka. Nakuomba usiniite kwa nyuma. Ukiniita nisipogeuka, moyo wako utarudi kulekule, nami sitajua kwamba nimekuumiza tena.

Zunguka uje mbele yangu, wewe na mtoto, nikuone mdomo. Halafu sema lolote unalotaka kusema.

Mumeo